Nilivyoileta Baisikeli Kuukuu Kutoka Iringa

Iringa

Jumatatu, tarehe 14 Aprili 1913, siku niliyoondoka. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa baridi, jua halikuonekana mpaka saa nne.

Ninyi wenzangu wa Ikolo mmeniuliza habari hii kanisani na shambani, na kila mara nimewajibu kipande tu, maana nikisimulia kwa mdomo najiona naongeza chumvi. Kwenye karatasi naona haya kidogo. Kwa hiyo naandika, ingawa shule yangu ni ya miaka minne tu na mkono wangu si mzuri.

Jinsi baisikeli ilivyopatikana siisimulii. Ilipatikana. Ilikuwa imetumika sana, rangi imebanduka, tandiko limepasuka, breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamiza tairi la mbele pale kinapotaka chenyewe. Lakini magurudumu yalikuwa mazima.

Sababu mnaijua. Kwa miaka sita nimefundisha shule mbili, siku tatu Ikolo na siku mbili Matema, na goti langu la kushoto limekataa kuendelea. Bwana wa misheni alisema bila ukali: atakuja Matema Jumamosi ya tarehe 26, saa sita mchana, na kama nitakuwa nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwa na njia ya kuzifikia shule zote mbili, shule zote mbili ni zangu. Nisipokuwapo, Matema atapewa Ambilikile. Nami niseme haki: Ambilikile ni kijana mwema, na kwa hesabu ananishinda. Ila Matema niliijenga mimi, nikikata mianzi kwa mikono yangu.

Kwenda Iringa nilikwenda na wapagazi, nikafika goti limevimba kama kichwa cha mtoto. Kurudi nilirudi peke yangu, na siku kumi na tatu mkononi. Nilizihesabu kila asubuhi kabla ya kusali, nalo hilo nalitubu.

Uhehe: siku ya ulanzi

Siku ya kwanza nilianguka mara saba. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu sikuanguka hata kidogo, nikaanza kujiona mtu, na ndiyo siku niliyopoteza.

Jua lilikuwa linashuka nilipofika kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kihehe, mjane mnene mwenye kicheko, mianzi imezunguka ua wake wote. Nikasema, "Kamwene, mama," ndilo neno pekee la kwao nililolijua. Akacheka, akanipa kibuyu.

Nilikuwa na kiu. Nilikuwa nimekwisha kuonja ulanzi, utomvu wa mwanzi ugeukao pombe, asubuhi ya siku iliyopita, ukiwa umetoka kwenye mwanzi sasa hivi, mtamu kama togwa, hauna neno. Nikadhani huu ni ule ule. Hakuna aliyeniambia kwamba ulanzi wa asubuhi na ulanzi wa jioni ni ndugu wasiofanana tabia.

"Mwalimu, taratibu," yule mama akaniambia.

"Kwetu Unyakyusa tunakunywa maziwa kwa kibuyu kizima," nikamjibu. Nilijibu hivyo kweli, siwezi kuficha.

Nilipoamka jua lilikuwa utosini, kesho yake. Nimefunikwa ngozi ya mbuzi. Baisikeli imefungwa kwa kamba kwenye mwanzi, kama ng'ombe, na mbele yake kuna majani mabichi.

"Nimeifunga isitoroke," mama yule akasema. "Na majani ni mzaha, usinune. Wewe umelala kama aliyekwisha kuzikwa, nasi tulihitaji kitu cha kuchekea."

Sikununa. Niliondoka na kichwa kizito na siku moja pungufu. Kosa lilikuwa langu, yeye alinionya.

Usangu: mto na pampu

Kushuka Usangu ni kushuka kwenye joto. Njia ni tambarare, mtu angeweza kuruka kama ndege, lakini miiba ya kule ina chuki na mpira. Siku moja nilitobokewa mara tano. Nilikuwa na pampu ya mkono, ndefu kama filimbi, na kila nilipoitumia ng'ombe wa Wasangu walisimama kunitazama, na wachungaji wao pia.

Mto Mbarali ulikuwa umejaa. Mwenye mtumbwi, mzee mrefu mwenye jicho moja, aliutazama mto, akaitazama baisikeli.

"Watu huogelea," akasema. "Mbuzi huogelea. Chuma hakiogelei. Ngoja."

"Nangoja mpaka lini, mzee?"

"Muulize mto. Mimi ni jirani yake tu."

Nikangoja siku mbili. Nilitembea ukingoni nikienda na kurudi mpaka wanawe wakaanza kuniita Korongo. Siku ya tatu maji yalipungua, tukavuka, baisikeli imelazwa mapajani mwangu kama mgonjwa. Upande wa pili tairi likawa limelegea. Nikatafuta pampu. Haipo.

Hapa nilifanya jambo baya. Mbele ya watu kama ishirini wanaongoja kuvuka nilisema kwa sauti, "Wanao walikuwa wanaichezea jana. Mmenichukulia pampu yangu."

Mzee hakupandisha sauti. "Watazame mikono," akasema. Wanawe wawili wakanyoosha mikono. Mmoja alikuwa anataka kulia, naye ni mtu mzima mwenye ndevu. Nikaondoka nikisukuma, nikinung'unika.

Jioni, kwenye kambi ya wapagazi, nilifungua blanketi langu nilale, pampu ikadondoka. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe, ili isiibiwe.

Nililala nikipima. Kurudi mtoni ni nusu siku, na nusu siku nyingine kufika tena hapo hapo. Siku zilizobaki zilikuwa sita, na milima ya Uporoto bado iko mbele. Mpagazi mmoja niliyemweleza alisema, "Endelea zako. Utamtumia salamu." Lakini salamu ingemfikia nani, na wale watu ishirini wangeisikia wapi? Asubuhi nikarudi.

Nikamkuta mzee anapakua mzigo. Nikasimama nikasema mbele ya waliokuwapo, nao hawakuwa wale wale wote, kwamba pampu nilikuwa nayo mimi, na wanawe hawana kosa.

Akanitazama kwa lile jicho moja. "Umerudi kwa hilo tu?"

"Kwa hilo, mzee."

"Sisi tulikwisha kusahau. Sasa umetukumbusha, itabidi tukasirike upya." Kisha akacheka, na yule mwenye ndevu akacheka, wakanipa kambare wa kuchoma na ugali wa mtama. Nilikula nimesimama, mguu mmoja uko njiani tayari.

Siku mbili baadaye mpira wa ndani ulipasuka urefu wa kiganja, hapakuwa na kiraka cha kuuziba. Nikalijaza tairi majani makavu, nikayasokota na kuyashindilia kwa kijiti. Pampu haikuwa na kazi tena mpaka nyumbani.

Uporoto

Kwenye milima hiyo baisikeli haikunibeba, niliibeba mimi. Ukungu ulikuwa mzito hata nikasikia watu wanaongea bila kuona hata mmoja. Goti liliuma, nikawa nalisemesha kama punda: haya, hatua moja, haya.

Familia moja ya Wasafwa ilinilaza karibu na moto na kunipa viazi vya kuchoma. Hatukusikilizana lugha. Baba mwenye nyumba aliyagusa majani yaliyotokeza kwenye tairi, akatoka, akarudi na fungu la majani mengine, makavu na malaini zaidi. Akayaweka mbele yangu, akaenda kulala. Sikulijua jina lake. Majani yake yalinifikisha Tukuyu na kuzidi.

Tukuyu kushuka bondeni

Ijumaa mchana nilipita Tukuyu bila kusimama. Najua kule ndugu zangu wapo, najua walinisikitikia baadaye. Kichwani mwangu palikuwa na saa sita ya Jumamosi tu.

Kutoka pale njia inateremka, na mtu wa Unyakyusa akianza kuiona migomba ya kwao moyo unatangulia. Watu walinisalimu mashambani, "Mugonile, tata!" nami nikapita kabla sijamaliza kuitika. Kwetu huo ni utovu wa adabu, salamu haikatwi kama kamba. Breki ilikwisha kabisa siku ile. Nilisimamisha kwa unyayo wa mguu wa kulia, ukiungua, na pale paliposhuka sana nilijitupa kwenye majani.

Nililala karibu na Ipinda. Alfajiri ya Jumamosi kulikuwa na mawingu mazito juu ya ziwa. Kwenye njia panda nilisimama. Kulia ni Ikolo, nyumbani, mke wangu Subila ambaye sikumwona mwezi mzima na zaidi. Kushoto ni Matema. Ilikuwa saa moja. Nikasema, nikienda nyumbani nitakaa, nitakula, nitaulizwa. Nikashika kushoto.

Tuta la mpunga

Mnajua njia ile inavyopita juu ya tuta, mpunga huku na huku, na wakati huu wa mvua maji yanamfika mtu mapajani. Tuta ni jembamba. Watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenzake.

Na mnajua pia habari ya mkwe na mkamwana, lakini nieleze, labda karatasi hii itasomwa na mtu wa mbali. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake, wala yeye hamtazami. Akimsikia anakuja, hutoka njiani, hujifunika, humpa mgongo mpaka apite. Misheni inatufundisha kwamba wasalimiane kama watu wengine, na mimi mwenyewe nimelisema hilo kanisani, tena kwa sauti. Lakini Tusekile, mke wa mwanangu Lusekelo, bado hajabatizwa, na mama yake ni mtu wa zamani, nami sikutaka kumlazimisha. Kwa hiyo kila nitembeapo karibu na kwao naimba. Kila mtu anajua. Akisikia wimbo, Tusekile anajua upande wa kwenda.

Siku ile sikuimba. Juu ya baisikeli sikuwa na pumzi ya kuimba, na kichwa kilikuwa Matema.

Sikujua kwamba alikwenda Lyulilo gulioni tangu Alhamisi. Nilipopinda kwenye matete nilimkuta mbele yangu, hatua kumi, anakuja. Vyungu vitatu kichwani, kimoja mkononi, na tumbo la miezi saba. Aliinua macho. Tukaonana uso kwa uso.

Akajitupa majini, vyungu na yote. Mimi nikapinda usukani upande wa pili, gurudumu la mbele likagonga shina la mti, nikasikia chuma kinalia, nikawa chini, goti lile lile limekunjwa chini yangu.

Kisha kimya. Vyura tu.

Nilitaka kuondoka haraka ili aweze kutoka majini. Nikajaribu kusimama, nikaanguka. Yeye amechutama kwenye maji mpaka kifuani, kitambaa amejifunika kichwa chote, hawezi kuinuka maadamu nipo. Mimi sikuweza kwenda, yeye hakuweza kutoka, na kusemeshana haturuhusiwi.

Nikaigeukia baisikeli. "Ewe baisikeli," nikasema, "mimi nimeumia goti, siwezi kuondoka. Natamani kujua kama kuna mtu ameumia."

Kisha sauti ikatoka chini ya kitambaa. "Ewe mpunga, mguu wangu umeteguka. Na maji ni ya baridi."

"Baisikeli, na tumbo je?"

"Mpunga, mimi sijui. Naogopa."

Hapo ndipo saa sita ilipoanza kunitoka kichwani. Haikutoka yote, nisijisifu. Nilitazama gurudumu, limepinda kama jani lililokaushwa na jua. Nikafikiri: nikitambaa mpaka kwenye matete yale, atatoka mwenyewe, nami nikikongoja na fimbo huenda nikafika Matema saa sita na nusu, nimwombe Bwana radhi. Nililifikiri hilo, mtu mwenye mimba akiwa majini.

Akatokea bibi mmoja wa Kikisi, mfinyanzi wa Lyulilo, naye anakuja na vyungu vyake nyuma ya Tusekile. Akasimama. Akatazama vigae vilivyonaswa kwenye mpunga, akanitazama mimi, akakitazama kitambaa kilicho juu ya maji.

"Kyala, Mungu wee!" akasema. "Vyungu vyangu nimevifinyanga mwezi mzima, nimemuuzia jana, leo vimekuwa chakula cha kambare. Wewe ndiye mkwe?"

"Ndimi, bibi."

"Mwalimu wa kuimba?"

"Ndimi."

"Leo ulimeza wimbo?"

Nikaionyesha baisikeli kwa kidevu.

Akashusha vyungu vyake, akaingia majini na nguo zake. Mimi nikageuza uso. Nikamsikia anasema naye kwa Kikisi, polepole, tena kwa Kinyakyusa. Kisha akapaza sauti. "Mtoto anacheza! Anampiga mama yake mateke, na ningekuwa yeye ningekupiga wewe. Lakini huyu hawezi kutembea mpaka Ikolo. Na hawezi kukaa hapa. Hicho chuma chako kinabeba mtu?"

"Gurudumu limepinda, bibi. Likibebeshwa zaidi halitanyooka tena."

"Sikukuuliza habari za gurudumu."

Nikasema, "Kinabeba."

Tukapanga hivi. Tusekile atakaa juu ya baisikeli, amejifunika, na bibi ataisukuma. Mimi nikatangulia na fimbo, mbali, nisigeuke. Na ili wajue niliko, wasije wakanikuta nimepumzika kwenye kona, bibi akaamuru niimbe.

Nikaimba. Kutoka pale mpaka Ikolo, kwa goti lile, ni mwendo wa saa tatu, mkijumlisha mapumziko. Niliimba nyimbo zote za kitabu ninazozijua, za Krismasi na za maziko, bila mpango. Nikinyamaza tu nasikia nyuma, "Imba, mwalimu! Tumesimama!" Nikazimaliza. Nikaanza hesabu ya kuzidisha. Mbili mara mbili nne. Wanawake wanaopalilia mpunga waliinua migongo. "Mwalimu ameugua?" mmoja akauliza. "Anafundisha vyura!" mwingine akajibu. Nilipofika saba mara nane nikakosea, na nyuma yangu nikasikia watu wawili wanacheka, bibi na mwingine. Yule mwingine sijawahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile.

Jua lilifika utosini tukiwa kwenye migomba ya kwanza ya Ikolo. Nililiona. Nilisimama kidogo. Kisha bibi akapiga kelele, nikaendelea na saba mara tisa.

Nyumbani

Subila alimpokea Tusekile ndani, mimi nikabaki uani chini ya paa la nje. Bibi Mkisi alikunywa maziwa, akaniambia niende Lyulilo nikichoka kuendesha vyuma, anifundishe kufinyanga, akaenda zake.

Lusekelo alikuja mbio kutoka kijiji cha vijana wenzake, maana kwetu vijana hujenga mbali na baba zao. Hakunisalimu.

"Baba, ulimwona?"

Ningeweza kusema niliona vyungu. "Nilimwona uso, mwanangu. Kwa muda wa kupepesa jicho. Sikuimba, kosa ni langu, si lake."

Jambo hilo lina njia yake ya kulimaliza, na wazee wa pande mbili walilimaliza wiki iliyofuata. Siliandiki.

Magharibi mzee wa kanisa akarudi kutoka Matema. Alikaa, akavua viatu, nikajua. Bwana alingoja mpaka saa saba, mzee akasema. Aliuliza habari zangu mara mbili. Ambilikile alisimama mbele ya wanafunzi, akawauliza hesabu, wakajibu vizuri. Matema ni yake kuanzia Jumatatu. Ikolo imebaki kwangu.

"Ungetuma mtu," mzee akasema.

"Sikumwona mtu wa kumtuma."

Na hiyo ni kweli, lakini sijui kama ndiyo kweli yote. Hata leo, nikiwa darasani Ikolo, macho yangu huenda mlimani upande wa Matema, na kipande cha chaki huvunjika mkononi. Mianzi ile niliikata mimi.

Jioni ile tulikula ndizi za kuchemsha, maziwa ya mgando, na samaki mbasa wa kukaushwa ambaye Tusekile alikuwa amemfunga kiunoni kutoka Lyulilo, akaingia naye majini na kutoka naye. Wao walikula ndani, mimi na Lusekelo nje, ukuta katikati. Subila akatoka na bakuli, akaliweka mbele yangu. Kichwa cha samaki.

"Huyo ndani anauambia ukuta," akasema, "kichwa apewe aliyeimba. Na saba mara nane ni hamsini na sita."

Kilikuwa na mchanga wa shambani, ingawa walikiosha mara tatu. Nilikula chote.